Msimulizi na Jukwaa: Uigizaji wa Kuchekesha kutoka Kasongo hadi Lubumbashi

Mashariki mwa Kongo, mwigizaji wa jukwaani ametokana na msimulizi wa hadithi. Mtu mmoja aliketi mbele ya watu jioni, akasimulia kisa cha mjanja na mjinga, na katikati ya kisa akabadili sauti, akainuka, akachechemea kama mzee, akalia kama mjane, akatembea kwa maringo kama chifu. Waigizaji waliokuja baadaye waligawana kazi ambayo yeye aliifanya peke yake. Kuchekesha na kuhuzunisha vilikuwa mikononi mwa mtu yule yule, na wasikilizaji hawakuona ajabu kuvunjika mbavu na kutokwa machozi katika kisa kimoja.

Eneo la Kasongo na Kabambare, kusini mwa mkoa wa Maniema, lina nafasi kubwa katika historia hiyo. Mji wa Kasongo uko mashariki ya mto Lualaba. Kabambare iko mbele zaidi, kwenye njia ya kale iendayo ziwa Tanganyika. Wenyeji wake ni Wazimba, Wabangubangu, Wakusu na wengineo, na kati ya majirani zao wa kaskazini na mashariki wamo Walega, Wabuyu na Wabembe. Jamii za sehemu hizi zilikuwa na michezo na masimulizi yao kabla mgeni hajafika. Kisha, katika nusu ya pili ya karne ya 19, Kasongo ikawa moja ya vitovu vya Kiswahili nchini Kongo. Lugha hiyo ndiyo iliyokuja kuwa ya maigizo ya kuchekesha katika miji ya madini, redioni na kwenye televisheni.

Methali zinazochezwa

Kaskazini mwa Kasongo, katika wilaya ya Pangi na kuendelea hadi Shabunda na Mwenga, ndiko waliko Walega. Maisha yao ya jadi yaliongozwa na bwami, chama chenye ngazi ambacho mwanamume alikipanda hatua kwa hatua, kuanzia Kongabulumbu hadi Kindi, ngazi ya juu kabisa. Wake nao walikuwa na ngazi zao zilizokwenda sambamba na za waume. Walega hawakuwa na mfalme. Heshima na mamlaka vilitoka katika bwami, na bwami ilifundisha kwa kuigiza.

Mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck, aliyefanya kazi miongoni mwa Walega katika miaka ya 1950, ameeleza namna mafunzo hayo yalivyoendeshwa. Kiongozi wa sherehe alitoa kitu kimoja kimoja kutoka kikapuni: kinyago kidogo, sanamu ya mbao au ya pembe ya ndovu, gamba la kakakuona, mdomo wa ndege. Kwa kila kitu aliimba methali, akacheza, akaigiza tabia ya mhusika anayetajwa na methali hiyo, na waliokusanyika wakamwitikia. Vinyago vya Walega havikuvaliwa usoni peke yake. Vilishikwa mkononi, vilibandikwa kwenye mkono au kwenye paji la uso, vilitundikwa kwenye ua, na vingine vilikokotwa chini kwa kushikwa ndevu zao za nyuzi.

Wahusika wa michezo hiyo walijulikana kwa majina. Sakimatwematwe ni mwenye vichwa vingi, anayeona pande zote, mfano wa mtu mwenye busara na haki. Wayinda ni mwanamke mjamzito aliyevunja uaminifu wa ndoa akauletea ukoo balaa. Kuboko Kumozi ana mkono mmoja tu, onyo kwa mgomvi asiyejua kuacha. Wengi wa wahusika hao ni watu wenye kasoro, na kazi ya mchezaji ilikuwa kuikuza kasoro mpaka kila mtu aione na kuikataa. Msingi wa uigizaji wa kuchekesha wa karne ya 20 umo humu tayari: mhusika mmoja anasimama kwa tabia moja, tabia hiyo inatiwa chumvi, na hadhira inatoa hukumu.

Serikali ya kikoloni ya Ubelgiji iliiogopa bwami kwa sababu iliwaunganisha watu nje ya machifu waliowekwa na serikali. Mwaka 1948 ilipigwa marufuku rasmi. Sherehe hazikufa siku hiyo, kwani Biebuyck alizikuta na kuzihudhuria baada ya marufuku, lakini tangu hapo zilifanyika chini ya kivuli cha sheria, na vinyago vingi vilichukuliwa vikapelekwa katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Huko vinaonyeshwa ndani ya vioo, mbali na wimbo, ngoma na mwigizaji aliyevipa maana.

Candi Rureke na utenzi wa Mwindo

Kielelezo kilichoandikwa kwa ukamilifu zaidi cha msimulizi mwigizaji wa sehemu hizi ni Candi Rureke wa kabila la Wanyanga, wakaao katika misitu ya Walikale, Kivu ya Kaskazini. Wanyanga humwita msimulizi wa utenzi shekarisi. Mwaka 1956, katika kijiji cha Bese, Rureke alisimulia utenzi wa shujaa Mwindo kwa siku 12 mfululizo huku maneno yake yakiandikwa. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1969 na Biebuyck pamoja na mwanaisimu Kahombo Mateene, ikawa moja ya tenzi za Afrika zinazosomwa zaidi katika vyuo vya dunia.

Rureke hakukaa kitako. Alishika kibuyu chenye mbegu akawa anakitikisa, akavaa njuga miguuni, na kando yake vijana walipiga kijiti kikavu kwa mipigo isiyokatika. Alisimulia kwa maneno ya kawaida, kisha kisa kilipofika pazito akaingia katika wimbo, na watu wa kijiji wakaupokea. Aliigiza vitendo kwa mwili: kupiga makasia, kuchimba, kupasua ngozi ya ngoma. Katika nyimbo alizungumza kama Mwindo mwenyewe, na katikati ya simulizi aliweza kusimama akawataja waliohudhuria au akaomba kinywaji na zawadi. Waliohudhuria walimtunza kwa vitu vidogo vidogo. Kijiji kizima kilishiriki katika onyesho hilo, na msimulizi aliliongoza kwa sauti, macho na miguu.

Kisa chenyewe kimejaa vichekesho ndani ya maafa. Chifu Shemwindo wa Tubondo anaamuru wake zake wazae mabinti tu. Mke kipenzi anamzaa mwana wa kiume, naye mtoto anazaliwa akiwa anatembea na kusema. Baba anamrushia mikuki, anamzika, mwishowe anamfungia ndani ya ngoma na kuitosa mtoni, na mtoto anaimba akiwa ndani ya ngoma hiyo akielekea kwa shangazi yake Iyangura. Kitoto kichanga kinajisifu kwa maneno ya shujaa mzima, na baba yake, chifu mwenye mikuki, anakimbia hadi kuzimu kumkwepa. Hadhira inamcheka mtawala mwenye hofu. Lakini utenzi hauishii kwenye kicheko: Mwindo naye anaadhibiwa kwa majivuno yake, anachukuliwa juu mbinguni akaonje baridi, mvua na jua kali, na anarudi akiwa chifu mnyenyekevu. Walega pia wanao utenzi wa aina hiyo, wa shujaa Mubila. Katika zote mbili ucheshi na funzo zito vimefungwa pamoja, na msimulizi hupimwa kwa jinsi anavyovuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili bila kuipoteza hadhira.

Misafara na hadithi za kambini

Njia ya misafara kutoka Ujiji, kando ya ziwa Tanganyika, ilipita Kabambare. David Livingstone alikaa hapo kwa miezi mingi akiuguza vidonda vya miguu kabla ya kufika Nyangwe, kando ya Lualaba, mwaka 1871. Wafanyabiashara wa pwani na Unyamwezi walikuwa wamemtangulia. Katikati ya miaka ya 1870 Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kama Tippu Tip, aliifanya Kasongo kuwa makao yake. Biashara ya pembe za ndovu na watumwa iliuletea mji huo utajiri, mashamba ya mpunga, Uislamu na Kiswahili. Iliwaletea pia watu wengi wa Maniema utumwa na vifo. Mwezi Julai 1871, Livingstone alishuhudia mauaji ya watu wengi, wanawake hasa, katika soko la Nyangwe.

Tippu Tip mwenyewe ameacha ushahidi wa nguvu ya usimulizi. Katika habari za maisha yake, alizoziandika kwa Kiswahili na Heinrich Brode akazichapisha mwanzoni mwa karne ya 20, anaeleza alivyofika kwa Kasongo Rushie, chifu mzee wa Utetela. Alikuwa amesikia njiani kwamba zamani dada wa chifu huyo walitekwa wakapelekwa mbali. Akajifanya mjukuu wa mmoja wao, akaeleza nasaba kwa kujiamini, na mzee akamkubali kama ndugu, akamkabidhi nchi. Ni kisa cha mtu aliyebuni dhima, akaiigiza mbele ya hadhira iliyokuwa na hamu ya kuamini, na akapata utawala kwa maneno. Namna anavyokisimulia, kwa sentensi fupi na mazungumzo ya kila mhusika, inaonyesha msimulizi aliyelelewa katika mabaraza.

Hadithi za kawaida zilisimuliwa kambini. Henry Morton Stanley alifika karibu na Kasongo mwezi Oktoba 1876, akapatana na Tippu Tip amsindikize, na mwezi uliofuata msafara ukaondoka Nyangwe kufuata mto. Jioni, wapagazi na walinzi, Wangwana wa Unguja pamoja na watu wa bara, waliketi wakisimuliana. Stanley aliandika sehemu ya hadithi hizo, na mwaka 1893 akazichapisha katika kitabu kiitwacho *My Dark Companions and Their Strange Stories*. Aliyemsifu kuliko wote ni Kadu, kijana aliyekuwa mtumishi katika kasri la Kabaka Muteesa wa Buganda kabla ya kujiunga na msafara. Mganda anayewasimulia watu wa Unguja, Unyamwezi na Maniema alihitaji lugha moja inayoeleweka na wote, na lugha ya misafara ilikuwa Kiswahili. Watu wasio na mila moja walilazimika kutafuta vichekesho ambavyo kila mmoja angevielewa: mnyama mdogo anayemshinda mkubwa, mwenye pupa anayenaswa na pupa yake, mtawala anayetaka yasiyowezekana.

Mwezi Aprili 1893 majeshi ya Dola Huru ya Kongo, chini ya Francis Dhanis, yaliiteka Kasongo, na Januari 1894 yakaingia Kabambare. Utawala wa watu wa pwani na Wangwana ukaisha. Lugha yao ilibaki, ikaitwa Kingwana, ikazungumzwa na watu ambao mababu zao hawakuwahi kuiona bahari. Uislamu nao ulibaki, na Kasongo ni kituo kikuu cha Waislamu wa Kongo hadi leo.

Misheni, reli na kambi za wafanyakazi

Jukwaa, kwa maana ya mahali palipoinuliwa penye pazia na hadhira iliyokaa upande mmoja, lililetwa na misheni. Mapadri Weupe walifungua misheni Kasongo mwaka 1903. Katika Kongo yote ya Kibelgiji, shule za wamisionari zilitumia michezo ya kuigiza kufundisha dini, maadili na Kifaransa, hasa siku za Krismasi, Pasaka na sherehe za shule. Wanafunzi waliigiza mwana mpotevu, watakatifu na mfalme Herode. Waliogundua kwamba walikuwa na kipaji cha kuwafanya watu wacheke walichukua kipaji hicho nje ya shule: kwenye vikundi vya skauti, vyama vya vijana na sherehe za kambi.

Mambo matatu yaliitoa sanaa hiyo kijijini na kuipeleka mjini. La kwanza ni reli na meli. Mwanzoni mwa miaka ya 1910 njia ya reli iliunganisha Kindu na Kongolo, na Lualaba ikawa barabara ya kwenda kusini. La pili ni madini. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, mji wa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ukaanzishwa mwaka 1910, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni iliamua kuwaweka wafanyakazi pamoja na wake na watoto wao badala ya kuwaleta na kuwarudisha kila baada ya miezi michache. Kambi zikajaa watu wa Lomami, Kasai, Maniema, Ruanda-Urundi na Katanga yenyewe. La tatu ni lugha. Kiswahili cha Katanga hakikutoka chimbuko moja: kililetwa na watu wa upande wa Maniema, kilitumiwa na wafanyabiashara na askari, kikaendelezwa na waajiri na wamisionari waliotaka lugha moja ya kazi na ya shule. Ndani ya kambi kikazaliwa upya katika vinywa vya watoto, chenye *batu* badala ya *watu*, chenye maneno ya Kiluba, Kibemba na Kifaransa.

Hali ya kambi ilikuwa sawa na ile ya misafara, safari hii kwa maelfu ya familia. Jirani hakujua mila za jirani, lakini wote walijua karani anayejidai, mlevi wa siku ya mshahara, mke aliyechoka na ndugu wa kijijini anayefika bila taarifa. Hao ndio wahusika wa vichekesho vya mjini.

Mufwankolo

Msanii aliyekusanya urithi huu wote katika kazi moja ni yule anayejulikana Lubumbashi kwa jina la jukwaani la Mufwankolo. Umaarufu wake ulianza karibu na miaka ya uhuru, na miongoni mwa wenzake wa mwanzo alikuwamo Kachelewa. Kwa muda mrefu watu walilitaja jina lake kama linavyotajwa jina la jirani, na kundi zima likaitwa kwa jina hilo: Kundi la Mufwankolo. Waigizaji wengi wa kundi hilo walikuwa na kazi nyingine za kuwalisha. Jukwaa lilikuwa wito wao. Walicheza mbele ya hadhira, wakasikika redioni, kisha wakaonekana kwenye televisheni katika vipindi vilivyongojwa na miji yote ya Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati Kongo ilipoitwa Zaire.

Kundi halikuandika tamthilia. Mtu alileta jambo: ugomvi wa mirathi, ndoa, uchawi, madeni, uvivu wa kazi. Wakalijadili, kila mmoja akieleza analielewaje. Wakagawana dhima na kupanga mfuatano wa maonyesho. Mazungumzo yenyewe kila mwigizaji aliyatunga papo hapo, akafanya hivyo tena katika zoezi lililofuata, na kiongozi akasimamisha, akasahihisha, akaelekeza. Waliokuja kutazama walisikia maneno yenye uhai wa mazungumzo ya barazani kwa sababu ndivyo yalivyozaliwa. Lugha ilikuwa Kiswahili cha Lubumbashi, na Kifaransa kiliingia pale ambapo mhusika alitaka kujikweza.

Watafiti walitambua thamani ya kazi hiyo mapema. Mwaka 1981 Walter Schicho na Mbayabo Ndala walichapisha huko Vienna kitabu kuhusu kundi hilo. Aliyeandika kwa kina zaidi ni mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyewahi kufundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi katika miaka ya 1970 na kurudi tena katikati ya miaka ya 1980.

Tukio la mwaka 1986 linaonyesha namna kundi lilivyofanya kazi. Fabian alikaribishwa chakula, akapewa firigisi ya kuku, sehemu ambayo kwa desturi hupewa mgeni wa heshima au mkubwa wa nyumba. Alipotaka kuigawa, akaambiwa kwamba madaraka huliwa mazima. Alianza kuwauliza watu maana ya msemo huo, na swali likafika kwa Mufwankolo na wenzake. Walibishana: je, maana yake ni kwamba mkubwa asigawane madaraka na mtu? Au kwamba anayeyakubali ayabebe yote, pamoja na uzito wake? Mjadala ukageuka maandalizi, na msemo ukawa mchezo kuhusu kijiji, chifu wake, wazee wake na mvutano wa nani aamue. Waliufanyia mazoezi mjini, kisha wakaenda kuucheza na kuupiga picha katika kijiji cha Kawama nje ya Lubumbashi, wenyeji wakiwa sehemu ya onyesho, ili uonyeshwe kwenye televisheni katika kipindi cha sikukuu ya uhuru. Fabian alinakili mazoezi na onyesho, akayachapisha kwa Kiswahili na tafsiri katika kitabu chake cha mwaka 1990, *Power and Performance*.

Zaire ya wakati huo ilikuwa na chama kimoja na rais mmoja, Mobutu, na televisheni ilikuwa ya serikali. Kuzungumzia ulaji wa madaraka katika mazingira hayo kulihitaji ustadi. Kundi liliweka jambo kijijini, likampa chifu ucheshi na udhaifu wa kibinadamu, likaachia kila mtazamaji ajaze mwenyewe. Njia hiyo ni ile ile ya Rureke alipomwonyesha Shemwindo akikimbia mbele ya mtoto wake, na ya mchezaji wa bwami aliyeikuza kasoro ili ihukumiwe. Katika kazi ya Mufwankolo, mchekeshaji na mwigizaji wa mambo mazito ni mtu mmoja. Kicheko kilifungua mlango, na baada ya hapo hadhira iliweza kuambiwa mambo ambayo ingekataa kuyasikia katika hotuba.

Kwa majirani

Njia hii haikuwa ya Kongo peke yake. Kinshasa ilikuwa na Groupe Salongo, lililoigiza kwa Kilingala kwenye televisheni. Tanzania ilikuwa na vichekesho, michezo mifupi isiyoandikwa iliyoibuka enzi za ukoloni na kuenea na vikundi vya utamaduni kama Muungano na Tanzania One Theatre. Said Ngamba, maarufu kama Mzee Small, na Amri Athuman, maarufu kama King Majuto, aliyezaliwa Tanga mwaka 1948 na kufariki Agosti 2018, walilelewa na majukwaa ya aina hiyo kabla ya filamu na televisheni kuwapeleka kila nyumba. Kenya ilikuwa na *Vioja Mahakamani*, na wachekeshaji waliofanya kizimba cha mahakama kuwa jukwaa.

Waandishi nao walirudi kwa msimulizi. Ebrahim Hussein, aliyekwisha kuandika *Kinjeketile*, alichapisha mwaka 1976 *Jogoo Kijijini* na *Ngao ya Jadi*, tamthilia mbili zinazobebwa na sauti ya msimulizi mmoja anayeigiza wote. Mwandishi wa chuo kikuu alifika kwa kalamu pale ambapo shekarisi wa Bese alikuwapo kwa kibuyu na njuga.

Vita, redio na jukwaa la leo

Kuanzia mwaka 1996 vita viliivuruga Kongo ya mashariki, na Maniema haikuokoka. Barabara na reli ziliharibika, shule zilifungwa kwa vipindi virefu, watu walihama vijiji. Redio ndiyo iliyoshika nafasi ya uwanja wa hadithi. Radio Okapi, iliyoanza Februari 2002, inatangaza pia kwa Kiswahili, na redio za jamii kama Sauti ya Mkaaji ya Kasongo zinawafikia wasikilizaji kwa lugha wanayoitumia nyumbani. Mchezo mfupi wa redio, wenye sauti mbili au tatu, mume mkaidi na jirani mwerevu, unapitisha habari za chanjo, uchaguzi au mgogoro wa shamba kwa wepesi kuliko tangazo.

Mashirika ya amani yameleta pia maigizo shirikishi, ambamo waigizaji huchunguza mgogoro wa mahali, huuigiza uwanjani, kisha huwaita watazamaji waingie kati na kuonyesha njia nyingine ya kuumaliza. Yamefanya kazi nzuri. Hata hivyo mwitikio wa hadhira, mhusika anayesimamia kasoro moja na hukumu inayotolewa na kijiji vilikuwapo Maniema na Kivu kabla ya shirika lolote kufika, na waigizaji wa mahali wanafanikiwa zaidi wanapoanzia hapo kuliko wanapofuata mwongozo ulioandikwa mbali. Kisangani, mtunzi wa dansi Faustin Linyekula na kundi lake la Studios Kabako wameonyesha kwamba msanii wa Kongo ya mashariki anaweza kuchukua kumbukumbu za ukoo wake, kuzipeleka kwenye majukwaa makubwa ya dunia, na bado akarudi kufanya kazi nyumbani.

Rureke anajulikana leo kwa sababu maneno yake yaliandikwa. Mufwankolo anasomwa kwa sababu kuna waliokaa naye wakanakili mazoezi yake. Mengi ya masimulizi ya Wazimba, Wabangubangu na Wakusu yamo bado vifuani mwa wazee. Simu ya mkononi inatosha kuyarekodi, na redio ya Kasongo au shule ya Kabambare inatosha kuyahifadhi. Walimu wa Kiswahili wa Maniema wawatume wanafunzi wao kwa mabibi na mababu zao, warekodi kisa pamoja na kicheko, wimbo na sauti zote alizozitumia msimulizi, maana humo ndimo ulimo uigizaji wenyewe.